Hatua Hamsini za Kombani

Mwero Shutu aliwasili Kombani Jumapili ile saa moja u nusu asubuhi, kwa baiskeli. Alikuwa ameondoka kwao Kinondo mara tu baada ya sala ya alfajiri, na vilima vya mwisho hakuvipanda juu ya tandiko. Alishuka akaisukuma baiskeli, akipumzika kila penye kivuli. Zamani asingeshuka. Lakini sasa alikuwa na miaka arubaini na mitatu, goti la kushoto lilikuwa limeanza kumsumbua, na wiki tatu zilizotangulia alikuwa bara, upande wa Kinango, akichanja watu ndui kijiji baada ya kijiji. Alikuwa dresa katika hospitali ya Msambweni, kazi yake kufunga vidonda na kudunga sindano, na mwaka ule, wa tatu tangu uhuru, madresa walikuwa wachache na wagonjwa tele. Huko bara jua lilikuwa limekausha kila kitu. Hata maji ya kunawia mikono yaligawiwa kwa kikombe. Alirudi Ijumaa jioni, akalala Jumamosi nzima, na bado usingizi haukumtosha.

Alichoitiwa Kombani ni kumalizia mchezo wa sataranji.

Ligi ya pwani ilikuwa na timu tano, kila timu wachezaji wanne. Pambano la mwisho la mwaka lilikuwa kati ya Kwale, timu ya makarani wa serikali, na Msambweni, timu ya watu wa hospitali na wa kiwanda cha sukari. Lilichezwa wiki tatu nyuma, kabla Mwero hajaenda bara, na meza tatu zilimalizika siku ile ile: Kwale walishinda moja, Msambweni moja, na moja ikaenda suluhu. Meza ya nne, ya wachezaji bora wa pande zote mbili, ilifika magharibi haijaamuliwa. Mwamuzi akasimamisha mchezo. Yule ambaye zamu ilikuwa yake aliandika hatua yake inayofuata kwa siri, akaitia ndani ya bahasha, bahasha ikafungwa kwa lakiri, na mwamuzi akaenda nayo. Atakayeshinda mchezo huo, timu yake ingechukua kikombe. Wakienda suluhu, kikombe kingekwenda kwa timu ya Mombasa, ambayo ilikuwa imeshamaliza michezo yake yote na sasa ilikuwa ikingoja tu.

Kibwana, nahodha wa Msambweni, mtunza ghala wa kiwandani, alimpokea Mwero mlangoni na birika la chai na mahamri ndani ya karatasi. Alimtazama usoni, akaona macho mekundu. Kisha akamwambia alilokuja kumwambia.

"Suluhu sitaki kuisikia, Mwero. Ukimpa suluhu umewapa Mombasa."

Mwero alisema amesikia. Alikunywa chai amesimama, kwa sababu alijua akikaa kabla ya wakati hatainuka.

Mchezo ulikuwa ufanyike katika ghala la chama cha ushirika, chumba kirefu chenye harufu ya korosho na magunia, madirisha mawili tu. Mwamuzi, Mwalimu Tsuma, Mduruma mwembamba aliyefundisha hesabu, alikuwa ameshaweka meza katikati, ubao juu yake, na saa ya mchezo yenye nyuso mbili, uso mmoja kwa kila mchezaji. Na upande wa pili wa meza, akiwa amevaa koti licha ya joto, alikuwa ameketi Chirau.

Chirau na Mwero walipeana mikono bila kusema neno. Tsuma hakushangaa. Ligi nzima ilijua kwamba watu wawili hawa hawasemezani.

Chirau alikuwa karani wa mahakama pale Kwale. Miaka kumi na moja nyuma, alipokuwa akimposa Mwanapili, dada yake Mwero, alizoea kushuka Kinondo kila Jumamosi na kisanduku cha mbao chini ya kwapa. Ndani yake mlikuwa na kete za sataranji, mchezo aliojifunza shuleni Mombasa kwa mwalimu wake Mhindi. Barazani, wakati wa kungoja chakula, alimfundisha Mwero namna farasi anavyoruka na askofu anavyokata kimshazari. Mwaka wa kwanza Mwero alishindwa kila mara. Mwaka wa pili alianza kushinda, na Chirau alifurahi kuliko yeye mwenyewe, akawaita majirani waje kuona. Harusi ilifanywa. Kwa miaka saba Mwero hakuwa na rafiki mwingine wa kumlinganisha na shemeji yake.

Kisha, mwaka mmoja kabla ya uhuru, mama yao aliugua, na Mwanapili alikuja Kinondo kumuuguza. Alikaa miezi miwili. Mwezi wa tatu akaja mtu kutoka Kwale na barua. Ilikuwa talaka, imepigwa chapa kwa mashine ya ofisini, mistari minne, na sahihi ya Chirau chini yake. Mwero ndiye aliyeipokea. Aliisoma amesimama uani, akaisoma tena, kisha akampelekea dada yake jikoni. Kilichomuuma zaidi, kuliko hata talaka yenyewe, ni ile mashine. Mtu aliyekula nyumbani kwao miaka saba alikuwa amekaa mezani kwake ofisini, akatia karatasi, akawaandikia kama anavyowaandikia washitakiwa. Baada ya miezi mitano wakasikia ameoa mke mwingine huko huko Kwale.

Tangu siku ile Mwero hakumpa Chirau salamu wala hakuipokea yake. Alijua vyema dini inavyosema juu ya Waislamu wawili kunyimana salamu zaidi ya siku tatu, na jambo hilo lilimkaa moyoni kama mwiba, lakini hakulegea. Siku bendera ilipopandishwa Kwale, watu wakikumbatiana ovyo, hata wasiojuana, alimwona Chirau akimjia mikono wazi, naye akageuka akajipenyeza katika umati. Mara mbili kila mwaka ligi iliwakutanisha mezani. Walicheza, walitia sahihi karatasi ya matokeo, wakaondoka. Miaka minne ilikwenda hivyo.

Saa mbili kamili Tsuma alivunja lakiri, akaisoma hatua ya Chirau, akaisogeza kete mwenyewe, akaiwasha saa. Kila mmoja alikuwa na saa tatu na nusu za kumalizia mchezo.

Hatua ile ilikuwa nzuri. Chirau alikuwa na askari mmoja zaidi, na wiki tatu zile, Mwero alipokuwa akichanja watoto, yeye alikuwa nyumbani kwake na ubao mbele yake. Ilionekana wazi. Hatua za kwanza alizicheza bila kusita, kila moja kama mtu anayesoma alichokwisha kuandika. Mwero alirudi nyuma, akarudi tena. Hakuona njia ya kushinda popote. Kazi yake ilikuwa kuziba tu, huku na huku, kama mtu aliye peke yake katika nyumba inayovuja. Lakini kila alipoziba, Chirau alitumia muda mrefu zaidi kutafuta ufa mwingine. Ilipokaribia saa tano alifanya jambo ambalo Chirau hakulitazamia: alimtoa farasi wake mhanga ili awamalize askari wote waliobaki ubaoni. Chirau aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alifikiri dakika arubaini nzima, saa yake ikila wakati, na mwisho hakupata la kufanya ila kukubali. Askari wa mwisho aliondoka ubaoni saa sita na dakika chache. Chirau alibaki na mfalme, ngome na askofu. Mwero alibaki na mfalme na ngome.

Wachezaji wote wazuri wanaujua mwisho wa namna hiyo na hawaupendi. Mwenye askofu ana nguvu zaidi, lakini nguvu hizo hazitoshi iwapo mwenzake hatakosea. Mwenye ngome peke yake anaweza kujikinga, lakini kosa moja linammaliza. Sheria inasema zikipita hatua hamsini za kila upande bila kete kuliwa, na askari hayupo wa kusogezwa, mchezaji anaweza kudai suluhu. Basi kazi iliyomsubiri Mwero ilikuwa hiyo: kutokosea mara hamsini.

Tsuma alisimamisha saa kwa ajili ya adhuhuri na chakula.

Mwero alichelewa bombani, akinyoosha goti, na alipoingia msikitini safu zilikuwa zimeshapangwa. Palikuwa na nafasi moja tu, na aliyekuwa kulia kwa nafasi hiyo ni Chirau. Hakuwa na budi. Walisimama bega kwa bega, miguu ikigusana, wakarukuu na kusujudu pamoja. Alisikia pumzi ya Chirau ikikwama kila alipoinuka kutoka sijida, kama pumzi ya mzee, na masikio yake ya udresa yaliisikiliza bila yeye kutaka. Sala ilipomalizika, aligeuza uso kuume kama inavyopasa, akatoa salamu, na aliyekuwa mbele yake ni Chirau, ambaye naye alikuwa bado ameugeuza uso wake huko huko kuume. Hakuona ila shingo. Nywele za kisogoni zilikuwa zimeingia mvi.

Kibwana alimletea wali na samaki, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba saa ya Chirau imebaki na dakika hamsini na ushei tu, na yake Mwero ina saa mbili nzima. Ajikinge, alisema, ajikinge tu, na huenda muda ukamwishia karani yule. Muda ukimwishia, ameshindwa, hata awe na kete gani.

Saa saba u nusu walirudi mezani. Tsuma alikuwa na karatasi safi, na kila hatua ya Mwero ilipochezwa alichora kijistari kwa penseli.

Hatua kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Chirau alimleta mfalme wake katikati, akamleta askofu, akaanza kumsukuma mfalme wa Mwero ukingoni. Mwero alikuwa akiijua kinga moja nzuri: kuiweka ngome yake mbali, nyuma ya askofu wa adui, askofu akiwa katikati ya ngome hiyo na mfalme wake mwenyewe, hata asiweze kutoka bila kumwanika mfalme. Aliifanya. Chirau akazunguka, akaanza upya. Mwero akaifanya tena upande wa pili.

Joto la ghalani lilizidi. Watu kumi na watano au zaidi walikuwa wamesimama kando ya kuta, hakuna aliyekohoa. Katika hatua ya ishirini na sita Mwero alinyoosha mkono akaigusa ngome yake, na mara ile ile akaona kwamba alipotaka kuipeleka ndipo pa kifo. Aliyekwisha kugusa kete hana ruhusa ya kuiacha. Mkono ulibaki pale juu ya ngome. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Alizitazama nafasi zote ngome ile ilipoweza kwenda, moja baada ya moja, na nyingi zilikuwa za kushindwa. Lakini moja, ya mbali kabisa, pembeni, ilimwezesha kumtisha mfalme wa Chirau kutoka ubavuni. Akaipeleka huko. Chirau alifumba macho kidogo, akamwondoa mfalme wake, na kazi ikaanza tena.

Baada ya hapo Mwero alianza kumwona mwenzake. Hakumtazama usoni, aliitazama mikono. Kila Chirau alipoinua kete aliiweka kwa uangalifu mno, kama mtu anayetua mtungi uliojaa. Kucha zilikuwa na weupe ambao Mwero aliujua kutoka wodini. Mtu huyu si mzima, alijiambia. Alijaribu kuona raha kidogo kwa jambo hilo, kwa sababu kwa miaka minne alikuwa amemwombea balaa. Raha haikuja. Kilichokuja ni uchovu mwingine juu ya ule aliokuwa nao.

Hatua ya arubaini. Arubaini na nne. Sasa saa ya Chirau ilikuwa imebakiwa na dakika sita. Arubaini na nane, dakika nne. Kibwana alisogea mpaka akawa karibu na meza, na Tsuma akamwonyesha kwa kidole arudi nyuma.

Hatua ya hamsini ikachezwa. Tsuma alichora kijistari chake, akaweka penseli chini, na hakusema kitu. Sheria haikumruhusu kusema. Suluhu hudaiwa na mchezaji mwenyewe.

Chirau alicheza hatua nyingine. Yeye hakutaka suluhu. Timu yake ilitaka kikombe, nahodha wake alikuwa amesimama dirishani, na labda bado alitumaini kwamba Mwero atakosea. Zamu ikawa ya Mwero. Alijua kwamba akinyamaza akaendelea kujikinga dakika tatu tu zaidi, muda wa saa ya Chirau utakwisha, na Chirau atakuwa ameshindwa. Kikombe kitakwenda Msambweni. Mbele ya watu wa Kwale. Alikuwa amesubiri jambo la namna hiyo tangu siku ya ile barua ya mashine.

Alikaa akiyafikiri hayo, saa yake mwenyewe ikienda. Hakuona huruma, baadaye alisema hivyo kwa uhakika, wala hakuona kwamba anafanya wema. Aliona tu kwamba hawezi tena. Hawezi kuisogeza kete nyingine, hawezi kuikunja midomo yake dakika nyingine mbele ya mtu huyu.

Alimgeukia Tsuma, akamwambia kwamba hatua zimetimia, na kwamba anadai suluhu.

Tsuma alikuwa mtu wa sheria. Alimjibu kwa upole kwamba mchezaji humwambia mpinzani wake kwanza. Mwenzake akikataa, hapo ndipo mwamuzi huingia.

Chumba kizima kilijua maana ya hayo. Mwero aliisimamisha saa. Akainua macho.

"Bwana Chirau," alisema. "Hatua hamsini zimepita. Nataka suluhu."

Neno lenyewe, lilipokwisha kutoka, alilisikia namna watu walivyolisikia. Katika ligi yao hawakuwa na neno jingine la kumalizia mchezo wa namna hiyo, na ni neno hilo hilo watu wawili waliogombana wanaloletewa na wazee.

Chirau aliitazama karatasi ya Tsuma.

"Umehesabu?"

"Nimehesabu. Na mwalimu amehesabu."

"Basi suluhu," Chirau alisema, akanyoosha mkono. Ulikuwa wa baridi.

Watu walianza kusogea na kusema. Kibwana alitoka nje bila kungoja. Nahodha wa Kwale naye alikwisha kuondoka dirishani. Tsuma aliandika matokeo, akawapa kalamu watie sahihi, akaanza kukusanya kete, na wao wawili wakabaki wamekaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu za kuinuka.

Chirau ndiye aliyesema kwanza. "Nilisikia habari ya mama mwaka jana."

"Hukuja."

"Nilikuja. Nilifika hadi njia panda ya Kinondo. Niliona watu wanakwenda na jeneza, nikarudi." Alipangusa uso kwa leso. "Ningekuja mpaka uani, ungenipokea?"

Mwero alifikiri. Alitaka kusema angempokea, kwa sababu ndilo jibu jema, lakini hakuwa na hakika nalo.

"Sijui," alisema.

Chirau alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea. Mwero alimuuliza moyo unamsumbua tangu lini. Chirau alisema tangu mwezi wa Rajabu, na kwamba huko Kwale wamempa vidonge. Mwero akamwambia aende Msambweni siku ya Jumatano, daktari anapokaa kutwa, na asivae koti kwenye joto. Hayo ndiyo waliyozungumza. Hakumuuliza habari ya talaka, wala ya mashine, ingawa aliyakumbuka yote mawili.

Kibwana hakumuaga. Mwero alipanda baiskeli yake polepole, akafika Kinondo jua likiwa bado juu ya minazi. Mwanapili alikuwa uani juu ya mbuzi akikuna nazi. Alimkaribisha, akamletea maji ya kuoga, akamsubiri atulie. Kisha Mwero akamweleza: kwamba mchezo umekwenda suluhu, kwamba kikombe kimekwenda Mombasa, na kwamba amesema na Chirau. Alilisema hilo la mwisho kwa kujikaza, kama mtu anayeungama kosa kwa aliyekosewa.

Mwanapili hakuacha kukuna.

"Mimi nilisema naye zamani," alisema. "Mwaka juzi, sokoni Kwale. Alikuwa na mkewe. Nikawasalimia, wakanisalimia. Mke wake ni mtu mzuri."

Mwero alimtazama.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Wewe ulikuwa na hasira zako. Nilidhani zinakufaa, nikakuachia." Alikung'uta machicha mkononi, akainuka na sinia. "Lakini kaka, miaka minne mnanyimana salamu kwa jina langu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nataka. Nimechoka kutajwa. Kila harusi ninayokwenda wananiambia, ndugu yako na yule karani, bado?"

Hakusema kwa ukali. Aliingia jikoni, na Mwero akamsikia akichuja tui. Alibaki juu ya kitanda cha kamba, akitafuta la kumjibu. Lilimjia jibu moja, kwamba alikuwa akimtetea. Akaliacha. Lilimjia la pili, kwamba kilichomuuma kilikuwa chake mwenyewe, kwamba alikuwa amepoteza rafiki na akaona haya kulilia hilo, kwa hiyo akalilia la dada yake. Hilo lilikuwa karibu na ukweli, lakini alipolifikia usingizi ulikuwa umeshamchukua, na Mwanapili alipotoka na chakula alimkuta amelala kinywa wazi, kandambili moja mguuni. Alimfunika shuka, akakirudisha chakula jikoni.

Kibwana alikaa miezi mitatu bila kumwita mazoezini. Kisha akamwita, maana mchezaji mwingine wa meza ya kwanza hakupatikana.

Chirau alikwenda Msambweni Jumatano ile, na Jumatano nyingine baada yake. Walikuwa wakisalimiana barazani mwa wodi, wakiulizana habari za nyumbani, na mara mbili walikunywa chai. Urafiki wa zamani haukurudi. Hawakutembeleana, na kile kisanduku hakikuja tena Kinondo. Msimu uliofuata walikutana mezani huko Kwale. Chirau alimshinda kwa hatua thelathini na moja, bila shida. Mwero alimwambia amecheza vizuri, akatia sahihi, akaenda kutafuta kivuli cha kukaa mpaka gari lao liwe tayari.